Penseli ya Mzee Rockwell

Kwa miaka 11 kabla sijahamia Marekani nilikuwa mpiga chapa. Nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji jijini Dar es Salaam, kwenye mashine ya Heidelberg ya rangi mbili, nikichapa kalenda za ukutani, vitabu vya shule na lebo za chupa, na naweza kusema bila majivuno kwamba ukinipa karatasi gizani nitakukadiria uzito wake kwa vidole. Ndiyo maana aibu ilinikaa zaidi kuliko ambavyo ingemkaa mtu mwingine siku nilipogundua kwamba picha niliyoinunua kwa dola 85 katika duka la vitu vya kale, magharibi mwa jimbo la Massachusetts, nikiambiwa kuwa ni litografia (chapa ya jiwe) ya toleo maalumu, la nakala chache zenye namba, iliyotiwa saini na mchoraji wa Kimarekani Norman Rockwell, ilikuwa imetoka kwenye mashine ya kiwandani ya ofseti, dada wa ile niliyoiacha nyumbani, na saini yenyewe ilikuwa imechapwa pamoja na picha.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Mke wangu ni muuguzi, na tulipohamia Springfield alipata rafiki kazini ambaye kila mara alitusihi twende Stockbridge, mwendo wa kama saa moja kwa gari, tukaone makumbusho ya mchoraji huyo. Sikuwa na haja nayo. Jina la Rockwell nilikuwa nimeliona kwenye vikombe na kadi za Krismasi tu, na nilimweka katika fungu la wachoraji wa kupamba makopo ya biskuti. Tulikwenda Jumamosi moja ya baridi, zaidi kwa kumheshimu yule rafiki, nami nikarudi nikiwa mtu mwingine.

Kilichonishika hakikuwa chumba kikubwa chenye michoro minne ya uhuru iliyochapishwa mwaka 1943 kufuatia hotuba ya Rais Roosevelt juu ya aina nne za uhuru, ingawa watu walisimama mbele yake kimya kama wako msikitini. Kilichonishika ni kuta za orofa ya chini zilizopangwa majalada ya gazeti la The Saturday Evening Post. Rockwell alianza kulichorea gazeti hilo Mei 1916 akiwa na umri wa miaka 22, akaendelea kwa miaka 47, na majalada yake yanazidi 320. Wenzangu walitazama picha. Mimi nilitazama chapa: wino ulivyobadilika muongo baada ya muongo, rangi zilivyoanza mbili na baadaye zikawa nne, mahali ambapo rangi moja ilikuwa imepishana kidogo na nyingine. Huyu alikuwa mtu aliyechora maisha yake yote akijua kwamba kazi yake haitaonekana na macho ya watu mpaka ipite mikononi mwa watu wa fani yangu.

Katika majalada hayo lipo la Machi 1948 linaloonyesha wambeya. Ni safu tano za nyuso, wawili wawili, kila mmoja akimpasha mwenzake habari, huyu kwa mshangao, yule kwa kicheko, mwingine kwa simu, mpaka habari inamfikia mwenyewe anayesengenywa, naye anamrudia mwanamke aliyeianzisha, kidole kimemnyookea usoni. Nyuso ni za majirani zake wa Arlington, Vermont, alikokuwa akiishi wakati huo, na huyo mtu wa mwisho ni Rockwell mwenyewe. Mimi nimekulia Tanga. Picha ile haikuhitaji mkalimani; nilimwona shangazi yangu katika safu ya pili na mwenye duka la mtaani kwetu katika safu ya nne. Nilitoka pale nikiwa nimeazimia kuwa nayo, na majuma matatu baadaye nikaikuta kwenye lile duka, ndani ya fremu ya dhahabu bandia, na kikaratasi nyuma kilichoandikwa kwa kalamu kwamba ni litografia yenye saini.

Niliitundika jikoni. Ilikaa hapo miezi kadhaa bila mimi kuikagua, jambo ambalo hadi leo sina maelezo yake isipokuwa kwamba mtu akitaka kitu kiwe kweli huacha kukiuliza maswali. Kisha siku moja niliongea kwa simu na fundi mkuu aliyenifundisha kazi, mzee ambaye sasa amestaafu na anaishi Mbagala.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ulaya huko mnakula?” Kwa mzee huyu nchi zote za baridi ni Ulaya.

Nikamsimulia kuhusu picha yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: “Umetazama vinukta?”

Sikuwa nimetazama. Nilishusha picha ukutani, nikaitoa kwenye fremu, nikachukua kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho kila mpiga chapa anacho na ambacho nilikuwa nimekibeba kutoka nyumbani bila kujua kwa nini, nikainamia shavu la mwanamke wa kwanza. Vinukta vilikuwepo, vimejipanga kwa maua maua yale ninayoyajua kama ninavyojua kiganja changu: sayani, majenta, njano na nyeusi, zile rangi nne za mashine ya ofseti. Nikahamia kwenye saini. Saini ya penseli, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, hung'aa kijivu kama madini ya risasi, na ncha ya penseli huacha mfereji hafifu unaoweza kuuona ukitazama kwa ubavu. Yangu ilikuwa bapa kabisa, na chini ya kioo ikatawanyika kuwa vinukta kama shavu la yule mama. Nilimpigia mzee tena kumpa taarifa. Alicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa gharama yangu ya simu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwa dhati, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba neno lenyewe “litografia” halikuwa uongo. Ofseti ni mjukuu halali wa litografia. Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia wa Bavaria aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa kazi zake, aligundua mwaka 1796 kwamba ukichora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, ukalilowesha jiwe hilo kisha ukalipaka wino wa mafuta, wino hushika palipochorwa na kukataa penye maji. Hakuna kuchonga wala kuchimba; ni mafuta na maji kukataana tu. Mashine yangu ya Dar es Salaam iliishi kwa kanuni hiyo hiyo, isipokuwa jiwe lilikuwa limegeuka bamba la alumini na picha ilikuwa imevunjwavunjwa kuwa vinukta kwa njia ya kamera. Kwa hiyo muuzaji akiandika “litografia” kwenye bango la mchezo wa mpira, kiufundi hajakosea. Anayekosea ni mnunuzi anayedhani kwamba neno hilo peke yake linamwahidi jiwe na mkono wa mtu.

Litografia ya mkono, iliyochapwa rangi moja baada ya nyingine, haina maua ya vinukta. Chini ya kioo utaona chembechembe zisizolingana, kama unga uliomwagwa, na mahali rangi mbili zinapokutana utaona moja imeilalia nyenzake. Lakini usifurahi mapema, kwa sababu chapa nyingi za Rockwell zenye saini halisi si litografia hata kidogo, bali ni kolotipia, yaani zimechapwa kutoka kwenye bamba la kioo lililopakwa jelatini, ambayo ikikauka hujikunja vijikunjo vidogo kama ngozi ya mzee, na vijikunjo hivyo ndivyo vinavyobeba wino. Nazo hazina vinukta. Wauzaji wengi huziita zote litografia kwa mkupuo, na nimeona watu wazima wakigombana juu ya jambo hili kwenye foleni ya kahawa kabla ya mnada, kila mmoja akiwa na haki nusu.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi zaidi kuliko zile dola 85. Nilipoanza kusoma kwa makini nilielewa kwamba picha nyingi za toleo maalumu zilizouzwa kwa jina la Rockwell katika miaka ya 1970 zilitokana na michoro ya mafuta aliyoifanya miaka mingi nyuma kwa ajili ya magazeti. Mzee alikuwa amepita miaka 75. Hakukaa akachora kila rangi kwenye jiwe. Mafundi stadi, watu wa fani ambayo majina yao hayakuandikwa pembeni, ndio waliotazama picha, wakatenganisha rangi zake, wakatengeneza mabamba, wakachapa. Kisha rundo la karatasi lilipelekwa kwa msanii, akaketi, akaandika jina lake kwa penseli, karatasi moja baada ya nyingine. Maana yake ni kwamba katika karatasi nzima ninayoitamani, kitu pekee ambacho bila shaka kimetoka kwenye mkono wa Rockwell ni zile herufi kumi na nne za chini.

Nilipomweleza mke wangu aliniuliza kama bado ninataka kutoa fedha kwa ajili ya herufi kumi na nne. Swali lilikuwa la haki, na sikulijibu siku hiyo.

Niliendelea kwenda minadani bila kununua, nikaketi nyuma, nikaandika bei. Nilijifunza kwamba namba kama 45/200, yaani nakala ya 45 kati ya 200, haina maana kwamba karatasi hiyo ilikuwa ya 45 kutoka kwenye mashine, kwani zikikauka huchanganywa, na husainiwa kwa mpangilio zinavyookotwa. Anayelipa zaidi kwa ajili ya namba ndogo analipia ushirikina. Nilijifunza pia kwamba 200 si lazima ziwe 200. Kando ya nakala zenye namba zipo prufu za msanii, yaani nakala anazowekewa yeye mwenyewe, zinazoandikwa herufi A.P. au kwa Kifaransa E.A., zipo za mpiga chapa, zipo zenye H.C. ambazo eti hazikukusudiwa kuuzwa ingawa zote zimeuzwa, na mara nyingine lipo fungu jingine zima lenye namba za Kirumi kwenye karatasi tofauti. Katika kiwanda chetu tuliita hizo “za ziada”, na kila mpiga chapa duniani anajua kwamba za ziada huota miguu.

Vyeti vya uhalisi nilikoma kuviheshimu mapema. Cheti kilichoandikwa na anayeuza ni sawa na muuza samaki kuapa kwamba samaki ni wa leo. Risiti ya zamani ya nyumba ya sanaa, iliyofifia, yenye tarehe ya miaka ya 1970 na jina la picha na namba inayolingana na ile ya kwenye karatasi, hiyo nitaisoma mara mbili. Na chapa yoyote iliyotengenezwa baada ya Novemba 1978 haina haja ya mjadala, kwani Rockwell alifariki Stockbridge tarehe 8 ya mwezi huo, na marehemu hashiki penseli.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba makini hutosha. Katika makumbusho ya Stockbridge wanasimulia wenyewe habari ya mchoro wa mwaka 1954 wa kijana anayeondoka nyumbani kwenda chuo, akiwa ameketi na baba yake mkulima kwenye kibao cha gari wakisubiri treni. Mchora katuni Don Trachte, aliyekuwa jirani ya Rockwell, aliununua mwaka 1960 kwa dola 900. Baada ya kifo chake wanawe waligundua mwaka 2006, nyuma ya ukuta wa uongo nyumbani kwake Vermont, kwamba mchoro halisi ulikuwa umefichwa humo miaka yote, na uliokuwa ukitundikwa, ambao ulikuwa umewahi kuonyeshwa hata makumbushoni hapo, ulikuwa nakala aliyoichora Trachte kwa mkono wake. Wataalamu walikuwa wameona kwamba uso wa kijana haulingani sawasawa na jalada la gazeti, wakahisi ni kazi ya ukarabati mbaya. Mchoro halisi uliuzwa mwaka huo huo kwa zaidi ya dola milioni 15. Mimi hujiliwaza kwa habari hiyo kila ninapoikumbuka fremu yangu ya dhahabu bandia.

Picha niliyoipata hatimaye ni ya daktari na mwanasesere. Jalada lake lilitoka Machi 1929: binti mdogo amesimama na nguo za baridi, uso umekunjamana kwa wasiwasi, amemnyanyua mwanasesere wake, na daktari mzee ameketi ameweka kipimo cha mapigo kwenye kifua cha mwanasesere huyo, macho ameyainua juu kama anayesikiliza kwa bidii zote. Niliichagua kwa sababu ya kazi ya mke wangu. Ilikuwa imeorodheshwa katika mnada mdogo wa mji jirani, na siku ya maonyesho niliomba itolewe kwenye fremu. Msimamizi alisita, nikasubiri. Ushauri wangu kwa yeyote ni kutonunua chapa iliyofungwa kwenye kioo, kwa sababu fremu ndiyo vazi la maiti. Humo ndimo kingo zilizokatwa hufichwa, na karatasi zilizogandishwa kwa gundi kwenye ubao, ambazo hazirudi tena kuwa karatasi huru na ambazo thamani yake imekwisha hata kama saini ni ya kweli.

Hii yangu ilikuwa huru. Karatasi ilikuwa nene, ya pamba, na nilipoiinua kwenye mwanga niliona alama ya maji ya kinu cha Arches cha Ufaransa. Pembeni palikuwa na mhuri mkavu usio na wino, unaohisiwa kwa kidole. Pande zote nne kulikuwa na mstari wa kahawia ulioachwa na kadibodi ya bei rahisi iliyokuwa ikiizunguka, maana kadibodi ya namna hiyo ina asidi na huichoma karatasi polepole kama pasi isiyo na moto wa kutosha. Nikatoa kioo changu. Vinukta hakuna. Kisha nikashuka hadi kwenye saini, nikainamisha karatasi, na risasi ya penseli ikanimetea.

Saini ilikuwa inatetemeka. Herufi ya kwanza ya jina la ukoo ilikuwa imeanzwa, ikasitishwa, ikaendelezwa, na mwisho wa jina ulikuwa umeteremka chini kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Bwana aliyekuwa pembeni yangu, mnunuzi wa siku nyingi, aliitazama akasema kwamba yeye huziacha za namna hiyo, kwa kuwa wanunuzi hupenda saini imara, ya mkono uliokuwa bado na nguvu. Katika miaka yake ya mwisho Rockwell alidhoofika mwili na kumbukumbu. Nilikuwa nimeyasoma hayo, lakini kuyasoma kitabuni na kuyaona yamechimbwa kwenye pamba ya karatasi si jambo moja. Nilimkumbuka baba yangu akisaini fomu za pensheni, mimi nikiwa nimemshikia karatasi isiteleze.

Nilinyanyua mkono mnadani nikaipata kwa dola 1,600, nikashangilia kimoyomoyo kwa muda wa kama dakika nne, mpaka karani aliponionyesha kwamba juu ya bei hiyo kuna ada ya mnunuzi ya asilimia 25, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa kwanza wa katalogi niliyoibeba mwezi mzima. Jumla dola 2,000. Kuitengenezea fremu upya, kwa kadibodi isiyo na asidi na kioo kinachozuia miale ya jua, kulinigharimu nyingine 380, na fundi wa fremu akanikanya nisiitundike sebuleni mkabala na dirisha la kusini, wala chini ya nyumba kwenye unyevunyevu unaozaa madoa ya kahawia, wala juu ya kipasha joto.

Ukishaondoa sehemu zote hizo, nyumba yetu inabakiwa na ukumbi mwembamba wa kwenda vyumbani, usio na dirisha. Ndipo daktari anapomsikiliza mwanasesere. Mke wangu, akirudi zamu ya usiku, huwasha taa pale, hutazama kidogo, kisha huizima kabla hajapita, kwa sababu nimemwambia habari za mwanga. Wageni hawaioni. Wao wakija hupitiliza moja kwa moja jikoni, kwenye ile ya dola 85 ambayo sikuiondoa, husimama mbele ya wambeya na kuanza kugawana majina: huyu ni mama fulani wa Chumbageni, yule ni jirani yetu wa zamani wa Temeke, na huyu mwenye kofia, anayenyoosha kidole, wote hukubaliana kwamba anafanana na mimi.